Ulimi Hunolewa Wapi? Mjadala wa Lipangalala

Lipangalala ni kata mojawapo ya mji wa Ifakara, na Ifakara ni mji wa watu waliokutana. Wandamba, Wapogoro na Wambunga ni wenyeji wa bonde. Wabena, Wahehe na Wangoni walishuka kutoka nyanda za juu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikaleta wengine; mpunga ukawavuta wengine zaidi, na malisho ya Kilombero yakawaleta Wasukuma na ng'ombe wao. Ndiyo maana hapa mkikutana kwenye mkutano wa mtaa, kwenye kikao cha kikoba cha kuweka na kukopa, kwenye foleni ya kliniki au mbele ya mashine ya kukoboa, mnakutana kwa Kiswahili, na anayekimudu ndiye anayesikilizwa.

Kwa hiyo swali la kusema vizuri si la mapambo. Mtu mwenye haki yake husimama kikaoni, akaanza kisa katikati, akarudi nyuma, akasahau alichokusudia, akapandwa na hasira, akaketi. Mwenzake asiye na haki husimama akayapanga maneno yake taratibu, na watu wakaitikia. Hilo nimeliona, na linauma.

Wapo wanaoamini kwamba anayetaka kusema vizuri asome vitabu. Wapo wanaoona hayo ni maneno ya walimu. Mjadala ufuatao nimeupanga mwenyewe: sikuwaketisha watu hawa kwenye benchi moja siku moja, nami nawaita kwa kazi zao tu. Lakini hoja ni zile zinazosikika mitaani, na sitajificha nyuma yao. Ninapoona mmoja kapotoka, nitasema.

Aanze mzee, kama ilivyo desturi.

MSHENGA: Nimesimamia posa za watu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Naingia nyumba nisiyoijua, baba mtu amenuna, mashangazi wamejipanga, na kabla jua halijazama napewa maji ya kunywa na siku ya kuleta mahari. Kitabu gani kilinifundisha? Nilimfuata mjomba wangu. Alinikalisha nyuma yake akaniambia, leo husemi, leo unasikiliza. Nikasikiliza miaka na miaka. Nikajua lini anatania, lini ananyamaza, lini anamtaja marehemu ili wenye nyumba walainike. Kusema ni kumtazama mtu usoni. Kitabu hakina uso.

MWALIMU MSTAAFU: Shikamoo, mzee wangu.

MSHENGA: Marahaba, Mwalimu.

MWALIMU: Hayo hakuna wa kukunyang'anya. Nikuulize tu, posa hizo unazisema kwa lugha gani?

MSHENGA: Kipogoro. Kindamba pia, inategemea nyumba.

MWALIMU: Na ule mkutano wa mipaka ya mashamba, walipokuja wafugaji na maofisa, ulisema kwa lugha gani?

MSHENGA: Kiswahili. Ungetaka niseme kwa ipi?

MWALIMU: Ulisemaje?

MSHENGA: Nilisema machache.

MWALIMU: Nilikuwapo, mzee wangu. Ulisema maneno ya dakika moja, ukaketi, na shamba lilikuwa lako. Kipogoro ulikuwa na mjomba wa kukaa nyuma yake. Kiswahili cha mikutano hukuwa naye. Sasa mimi nasema kitabu kinaweza kuwa mjomba huyo. Unakaa nyuma yake, husemi, unamsikiliza mtu hodari akipanga kisa kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukipenda unamrudisha aanze tena. Mjomba wako aliyekufa huwezi kumwambia arudie.

Hapo Mwalimu amegusa kitu ambacho wengi wetu tunakipita. Tukisema kitabu humwongezea mtu msamiati, tunasema kweli lakini tunasema jambo dogo. Maneno mapya unaweza kuyaokota redioni. Kitu ambacho mazungumzo ya kila siku hayakupi ni sentensi iliyokamilika na hoja iliyofika. Tukizungumza barazani tunadakiana, mmoja akianza mwenzake anamalizia, mkono unaonyesha kile ambacho ulimi haukukitaja, na mambo yanaeleweka kwa kuwa sote tunajuana. Mbele ya mgeni, mbele ya ofisa, mbele ya umati, misaada hiyo yote huondoka. Mwandishi naye hana mkono wa kuonyeshea wala jirani wa kummalizia. Analazimika kusema nani alifanya nini, lini, kwa sababu gani, na ijapokuwa nini. Anayesoma kurasa za namna hiyo kwa muda mrefu huanza kuzoea kufika mwisho wa wazo lake.

Lakini ngoja. Yupo aliyesoma, naye ana ushahidi wa kupinga.

BINTI WA KIDATO CHA NNE: Mimi vitabu nimesoma, Mwalimu. Nimesoma Takadini, nimesoma Watoto wa Mama N'tilie, nimesoma Ngoswe. Ukiniuliza dhamira nakutajia, ukiniuliza wahusika nakutajia na sifa zao. Lakini nikisimamishwa mbele ya darasa, mdomo unakauka. Wanafunzi wenzangu ambao hawakufungua hata kitabu kimoja wanaongea kuliko mimi. Kwa hiyo kusoma hakujanifundisha kusema.

MWALIMU: Ngoswe mliisoma vipi?

BINTI: Kila mtu peke yake, kimya. Nakala zilikuwa chache, wengine tulisoma uchambuzi wake tu. Halafu tukaandika maswali na majibu.

MWALIMU: Ile ni tamthilia, mwanangu. Edwin Semzaba aliiandika watu waisimamie jukwaani. Hamkuigiza hata onyesho moja?

BINTI: Muda haukutosha. Mtihani ulikuwa karibu.

Naungana na binti, na naona jibu lake lastahili kusikilizwa kuliko jinsi shule nyingi zinavyolisikiliza. Kusoma kimya, kwa haraka, ili kuokota dhamira na kuzijaza kwenye karatasi ya mtihani, kunaweza kumwacha mtu bubu vilevile alivyokuwa. Tena ni jambo geni katika historia yetu. Vitabu vya kwanza vya Kiswahili viliandikwa visikike. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulikuwa wa kughaniwa mbele ya wasikilizaji. Mwana Kupona binti Msham alipomwandikia bintiye utenzi wake mwaka 1858, alimwandikia maneno ya kukaririwa, na miongoni mwa nasaha zake za mwanzo ni adabu na ulimi mzuri mbele za watu. Karatasi ilikuwa ghala ya sauti. Msomaji aliye peke yake, kimya, macho yakikimbia mistari, amekuja kwetu baadaye sana.

Na kwetu Lipangalala usomaji wa sauti haujafa. Upo, ila hatuuiti usomaji.

MAMA WA MCHELE: Mimi niliishia darasa la saba. Nanunua mpunga, nakoboa, nasafirisha mchele Morogoro. Kusoma kwangu ni jumuiya ya kanisa. Kila wiki tunakutana nyumba ya mtu, Injili inasomwa, halafu kila mmoja anaeleza alichopata. Zamani nilikuwa najificha nyuma ya wenzangu nisipangiwe zamu. Siku moja nikapangwa kusoma somo kanisani, Jumapili, kanisa limejaa. Katekista akanipa kitabu mapema, akaniambia, kasome nyumbani kwa sauti mpaka ujue unapumua wapi. Nikasoma jikoni, watoto wananisikiliza. Nilikuwa nameza miisho ya maneno. Nilikuwa nakimbia. Nikajifunza kusimama penye nukta, watu wapate kushika nilichokisema kabla sijaendelea. Sasa kwenye kikoba nikiwaeleza hesabu, nasimama hivyohivyo. Mwekahazina wetu alinichagua niwe wa kuzieleza kwa sababu hiyo. Alisema, huyu akieleza tunaelewa.

KIJANA WA BODABODA: Ukisema hivyo, mama, hata mimi nimesoma kwa sauti. Madrasa. Ustadhi alikuwa ananirudisha kwa herufi moja, anakataa kuendelea mpaka niitoe inapotoka, kooni au kwenye ulimi. Ukinisikia sasa kituoni nikimwita abiria, sauti yangu haimungunyi maneno. Hiyo ilitoka madrasa. Lakini niwe mkweli, nilikuwa nasoma Kiarabu, maana siijui. Kwa hiyo ulimi ulifundishwa, ila mawazo ya kusema sikupata pale. Mawazo nayapata kwenye simu.

Watazameni hawa wawili, binti na kijana. Binti ana maana ya vitabu kichwani, na kinywa chake hakikuzoezwa. Kijana ana kinywa kilichozoezwa, na maneno aliyozoezwa nayo hakuyaelewa wakati ule. Mama wa mchele ndiye aliyevipata vyote viwili siku moja: alisoma maneno anayoyaelewa, akayasoma kwa sauti, akayasoma mbele ya watu, kisha akatakiwa kueleza. Kwangu mimi mjadala wote umelala hapo. Kitabu humsaidia msemaji pale kinapopita sikioni kabla hakijafika ulimini, na pale msomaji anapowajibika kwa mtu anayemsikiliza.

Mshenga hakuridhika.

MSHENGA: Siti binti Saad je? Mtoto wa Fumba, muuza vyungu, hakupitia shule. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodiwa santuri, na pwani nzima ikamsikiliza. Mnataka kuniambia alikosa kitu?

MWALIMU: Alikuwa na kipaji cha Mungu na walimu waliomfunza kwa mdomo. Simpunguzii. Lakini mzee wangu, wewe umejuaje kwamba aliuza vyungu? Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kama si karani yule wa Tanga kuketi na kuandika, tungebaki na santuri zinazokwaruza.

MSHENGA: Kwa hiyo kitabu kimetunza. Sijakataa kwamba kitabu hutunza. Nimekataa kwamba kinafundisha kusema.

MWALIMU: Basi nikuulize jambo la zamani. Wewe ulikuwa kijana mwaka 1973. Mtu ni Afya uliikuta?

MSHENGA: Niliikuta? Nilikuwa kiongozi wa kikundi!

Hapa naomba tutulie kidogo, maana tunazungumza juu ya jambo kubwa ambalo nchi hii ilikwisha kulifanya na leo inalisahau. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yakafunguliwa chini ya miti, makanisani, misikitini, viwandani. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa takribani mmoja katika kila watu wazima 10. Katikati ya juhudi hizo zikaja kampeni za redio: Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Ile ya kwanza ilikuwa na vikundi vipatavyo 75,000, na karibu watu milioni 2 walishiriki. Kikundi kilikutana kila wiki, kikasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, kisha kitabu kikafunguliwa. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti sura ya wiki ile, kuhusu malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu au kifua kikuu. Wasiojua walisikiliza. Halafu yakaanza mazungumzo: hapa kwetu hali ikoje, na tufanye nini? Vikundi vikatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi.

Hesabu za vyoo zimeandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni kwamba watu ambao hawakuwahi kusimama mbele ya wenzao walisimama, wakiwa na kitu cha kusema mkononi.

MWALIMU: Na kabla ya hapo ulikuwa unasema mikutanoni?

MSHENGA: Kabla ya hapo nilikuwa nyuma ya mjomba. Pale ndipo nilipoanza kusema mbele ya watu wasio ndugu zangu. Kwa Kiswahili, ndiyo. Nilikuwa nasoma ukurasa, halafu mzee mmoja ananiuliza, kijana, umesema mbu anatoka majini, je maji ya jaruba la mpunga? Kitabu hakikusema chochote kuhusu jaruba langu na lake. Nikalazimika kufikiri papo hapo. Lakini msikimbilie kushangilia. Kilichonifundisha ni lile swali. Kitabu kingefungwa bila swali lile, ningetoka nilivyoingia.

MWALIMU: Na swali lile lingetoka wapi bila ukurasa ule?

Hakuna aliyejibu upesi, nami sioni haja ya kutoa ushindi. Mzee ana haki kuhusu swali, Mwalimu ana haki kuhusu ukurasa. Ninachokipinga kwa mzee ni pale anapovitenga, kwa sababu maisha yake mwenyewe yaliviunganisha.

Muuguzi, aliyekuwa kimya, ana pingamizi la aina nyingine, na kwa mji huu ni zito.

MUUGUZI: Mnazungumza kana kwamba aliyesoma sana husema vizuri. Njooni wodini. Ifakara ni mji wa utafiti. Magonjwa yamechunguzwa hapa tangu miaka ya 1950. Tumesoma sana. Halafu mama anakuja na mtoto aliyekuwa anakakamaa mikono na miguu usiku, anasema ni degedege, na aliyesoma anamjibu kwa maneno ya chuoni, nusu Kiingereza. Mama anaitikia ndiyo, ndiyo, anaondoka hajaelewa kwamba anachokiita degedege kinaweza kuwa malaria ile kali. Yapo mabonde na pwani ambako mama wa namna hiyo alimpeleka mtoto kwa mganga kwanza, kwa kuwa aliamini hospitali inatibu homa tu. Kitabu kinaweza kumwondoa mtu kwenye lugha ya watu.

MAMA WA MCHELE: Na wakikosea wanatukasirikia sisi.

MUUGUZI: Lakini niseme na upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mradi wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wasomi wale wangeweza kukipa chandarua jina la maabara. Wakakiita Zuia Mbu. Mtoto wa darasa la kwanza anaelewa, bibi anaelewa. Hao walikuwa wamesoma na walikuwa wamesikiliza.

Naikubali hoja hii bila masharti. Msomi asiyeeleweka amesoma nusu. Lakini dawa yake naiona tofauti na wengi. Watu humwambia msomi wa namna hiyo apunguze vitabu, arudi kwa watu. Mimi ningemwongezea vitabu, ila vya aina nyingine: riwaya, tamthilia, hadithi. Kitabu cha taaluma humfundisha kusema kama watu wa taaluma yake. Riwaya humpa mama muuza chakula, karani, mvuvi, mlevi, mwanasiasa na mtoto, kila mmoja na namna yake ya kusema, katika jalada moja. Kuli ya Shafi Adam Shafi ina sauti za bandarini Zanzibar ambazo daktari hatazikuta kwenye kitabu cha tiba. Aliyezoea kusikia watu wengi ndani ya kitabu hupata wepesi wa kubadili usemi wake akigeukia mtu mwingine mbele yake. Sisemi riwaya inatosha bila wodi. Nasema inamwandaa mtu kusikia.

KIJANA WA BODABODA: Mimi nina hofu nyingine. Kusema vizuri kunatumika kutuibia. Dalali wa mpunga anakuja na maneno matamu, mkulima anaachia gunia la lumbesa, limefungwa mpaka linabeba kichwa juu yake, kwa bei ya gunia la kawaida. Mwanasiasa anakuja, tunapiga makofi, anaondoka. Mnataka tuwafundishe na watoto wetu ujanja huo?

MWALIMU: Ndiyo maana nataka wasome. Nitakupa mfano. Mwalimu Nyerere, akiwa anaongoza nchi, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya kwanza, ya Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Jiulize kwa nini rais mwenye kazi zote zile aketi usiku na tamthilia ile. Katikati yake pana hotuba mbili mbele ya maiti ya Kaizari. Bruto anasema kwanza, anatoa sababu za kuua, umati unamkubali. Antoni anafuata. Hatoi sababu nyingi. Anamsifu Bruto, anarudia sifa ile mpaka inageuka kuwa tusi, anaonyesha vazi lenye damu, anataja wosia, ananyamaza penye kunyamaza. Umati uleule unageuka na kwenda kuchoma nyumba. Mtoto akizisoma hotuba zile mbili kwa sauti, mmoja Bruto na mwingine Antoni, atajifunza kusema, ndiyo. Lakini atajifunza pia jinsi umati unavyogeuzwa, na siku atakapokuwa ndani ya umati atasikia anapoguswa. Kwenye mkutano wenyewe maneno yanapita mbio. Kwenye kitabu unaweza kurudi nyuma ukaona kamba ilifungwa wapi.

Nami naongeza mfano wa mbali, kwa sababu ndio unaonigusa kuliko yote. Frederick Douglass alizaliwa utumwani Maryland, Marekani, mwaka 1818. Mke wa bwana wake alipoanza kumfundisha herufi, mume alimkataza, akihofia kwamba mtumwa anayesoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Kijana akaendelea kwa siri, akijifunza kwa watoto wa mitaani. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 hivi, huko Baltimore, alitumia senti 50 alizochuma kwa kung'arisha viatu kununua kitabu cha mafunzo ya hotuba, The Columbian Orator, kilichotungwa na Caleb Bingham na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1797. Ndani yake mlikuwa na hotuba za mabunge na, jambo la ajabu kwa nchi ya watumwa, majibizano kati ya bwana na mtumwa wake, ambamo mtumwa anajibu kila hoja ya bwana mpaka anaachwa huru. Douglass alisimulia baadaye kwamba mawazo yale alikuwa nayo tangu zamani, yakimjia na kupotea kwa kukosa maneno ya kuyashika. Akatoroka utumwani mwaka 1838, na ndani ya miaka michache alikuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa karne yake, mpaka baadhi ya wasikilizaji walikataa kuamini kwamba aliwahi kuwa mtumwa. Hakukisoma kitabu kile apate alama. Alikisoma kwa kuwa alikuwa na jambo la kusema na hakuwa na jinsi ya kulisema.

MSHENGA: Mtumwa anamshinda bwana kwa hoja? Hilo wameliandika?

MWALIMU: Wameliandika.

MSHENGA: Basi hayo majibizano ningependa kuyasikia. Yana nyuso mbili.

BINTI: Babu, tamthilia zote ziko hivyo.

Swali linalobaki ni la kijana, naye hakulificha.

KIJANA WA BODABODA: Sawa. Tumekubaliana tusome kwa sauti, tuulizane. Vitabu vyenyewe viko wapi? Duka la vifaa vya shule linauza madaftari na vitabu vya masomo. Riwaya utaipata wapi hapa? Na nikiipata, nikiwa na elfu kumi yangu, naweka mafuta kwenye pikipiki.

Hoja hii haina jibu zuri, na si haki kuitupia lawama ya uvivu. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Katika miaka ya elimu ya watu wazima, maktaba za vijijini ziliwekwa ili waliojifunza kusoma wasisahau. Mtu wa kata ya mjini leo, mwenye simu mkononi, anaweza kuwa mbali na hadithi ya Kiswahili kuliko baba yake aliyekuwa kijijini mwaka 1976. Hilo halmashauri na shule zetu zinapaswa kulijibu, na zikiulizwa zijibu kwa rafu za vitabu. Lakini usomaji wa sauti una fadhila yake kwa maskini: nakala moja yatosha watu kumi na watano. Mtu ni Afya haikumpa kila mtu kitabu.

MAMA WA MCHELE: Kikoba chetu kinaweza kununua nakala moja kwa mwezi. Nitalipeleka kikaoni. Ila mimi nataka tuanze na Injili ya Mwalimu Nyerere, ile aliyoitunga kwa utenzi, iliyochapishwa mwaka 1996. Hiyo inasomeka, na wengi wetu visa vyake tunavijua.

BINTI: Mama, na wasio Wakristo? Tuanze na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Ni ya mwaka 1969, fupi, kila mtu anapata mhusika wake.

MSHENGA: Ya vita vya Maji Maji?

BINTI: Ndiyo, babu.

MSHENGA: Vita vile vilifika huku. Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge mwezi Agosti 1905. Bibi yangu alikuwa akisimulia, na hakusimulia kama wanavyosimulia shuleni. Nataka kusikia huyo Hussein amesemaje juu ya maji yale, na amewapa wazee maneno gani. Mimi herufi ndogo sizioni tena. Mjukuu wangu atanisomea mstari, nami nitausema kwa sauti yangu. Na akimeza mwisho wa neno, nitamsimamisha.

BINTI: Hata mbele ya watu?

MSHENGA: Mbele ya watu ndiko kwenyewe.

MUUGUZI: Jumapili hii niko zamu ya usiku. Ifanyeni saa kumi alasiri, nitakuwa nimeamka.

KIJANA WA BODABODA: Saa kumi abiria ni wengi.

MAMA WA MCHELE: Basi utapewa Mjerumani, maneno yake machache. Ukimaliza unaondoka.

KIJANA WA BODABODA: Mjerumani simtaki. Nipeni Kinjeketile.